Macho ya Ndama wa Tembo

Kwa miaka mingi, watoto wa kijiji cha Sarjomdih walikuwa wakimwona Aduri Chitrakar anakuja kwa njia ya mashambani, wanatimua mbio. Haukuwa utundu. Waliukimbia mkoba wake wa kitambaa, kwa sababu kila mtoto wa kabila la Wasantali katika vijiji vile alijua kilichomo: karatasi yenye picha ya mtu aliyekufa juzi, na mtu huyo hana mboni.

Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe, Gokul. Mtu akifa katika nyumba ya Wasantali, Gokul alimchora kama walivyochora wazee wote wa ukoo wa Chitrakar, uso umegeuzwa upande, jicho moja kubwa lenye umbo la samaki, na mkononi kitu alichokipenda, labda fimbo, labda filimbi. Jicho aliliacha jeupe. Kisha alikwenda kwenye nyumba ya msiba, akakaa chini uani, akawaambia wenyewe kwamba mtu wao anatangatanga huko aliko, haioni njia. Nao walitoa walichokuwa nacho, sahani ya shaba, mchele, jogoo. Hapo Gokul alichovya ncha ya burashi kwenye masizi akaweka nukta moja. Basi. Mtu amepata macho, anakwenda zake.

Gokul mwenyewe alipofariki, Aduri alikuwa na miaka ishirini na minane na mtoto wa kike mgongoni. Kazi yake mpaka siku ile ilikuwa kusaga rangi na kukoroga gundi. Alimchora mumewe, akampa filimbi ingawa marehemu hakujua kupiga, akamtia mboni. Alipoinua burashi aliona kwamba Gokul anamtazama. Hakumwambia mtu. Mwezi uliofuata kulikuwa na msiba Sarjomdih na hapakuwa na mwanamume wa kwenda, akatundika mkoba begani akaenda yeye.

Hakuizoea kazi ile hata siku moja. Aliyekwangua masizi chini ya chungu asubuhi alikuwa yeye, na alijua hayana kitu ndani yake. Hata hivyo, kila alipoweka ile nukta, ua mzima ulinyamaza. Wanawake waliokuwa wakilia siku tatu walikatiza kilio wakaitazama karatasi kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia mlangoni sasa hivi. Na yeye mwenyewe, mgongo ulimsisimka kama mara ya kwanza, kwa miaka thelathini.

Kilichomuumiza ni watoto. Binti yake mwenyewe alikuwa akitambaa nyumbani, na huku nje watoto wa wenzake wanamkimbia kama chui. Ndipo akatunga wimbo. Alichora karatasi ndefu ya kukunjua, akaanza kuitandaza chini ya mti wa mmahua wa Sarjomdih kabla hajaingia kwenye nyumba yoyote ya msiba, akawa anaimba huku akifuata picha kwa kidole. Ulikuwa wimbo wa ndama wa tembo aliyepotea usiku kundi liliposhuka mlimani kula mpunga.

*Kaa, kaa wa kijito, umemwona mama?*
*Mama sikumwona, unyayo nimeuona,*
*umejaa maji ya mvua, vyura wanaoga humo.*

*Kuku, kuku wa uani, umemwona mama?*
*Mama sikumwona, pumzi nimeisikia,*
*imerusha makapi yote, nikadhani tufani.*

*Bundi, bundi wa mkwaju, umemwona mama?*
*Mama sikumwona, mlima nimeuona,*
*umepita polepole, mwezi ukazimika.*

Wimbo uliendelea hivyo mpaka ndama anachoka kuuliza, anakaa kitako analia, na sauti inamwambia kutoka nyuma: *Nimekufuata tangu kwa kaa, nikisikiliza unavyouliza.*

Siku ya kwanza walikuja watoto wawili, wakasimama mbali. Baada ya mwaka mmoja, Aduri alikuwa hafiki kwenye mmahua kabla ya kuvutwa nguo. Aliimba wimbo ule katika vijiji kumi na kimoja, mpaka karatasi ikachanika kwenye mikunjo, akachora nyingine, nayo ikachanika.

Kisha sauti ikaanza kumkimbia. Ilianza kukwaruza msimu wa baridi, akanywa maji ya tangawizi. Msimu uliofuata ilikatika katikati ya kuku na bundi. Daktari wa mjini alimulika koo, akamwambia asubiri sauti itarudi, na alipokwenda tena akamwambia asiisubiri. Alibakiwa na mnong'ono tu. Kutia mboni hakuhitaji sauti, kwa hiyo misiba aliendelea kuihudumia. Lakini chini ya mmahua alikoma kukaa. Katika miaka mitatu, watoto wadogo waliozaliwa nyuma walikuwa wamejifunza tena kumkimbia.

Binti yake alikuwa ameolewa mjini Asansol, anashona nguo, na mkoba hakuutaka. Aduri hakumlaumu. Ila jioni, alipokuwa akiosha burashi, aliusikia ule wimbo kichwani ukiwa mzima, kila neno mahali pake, na akafikiria kwamba hakuna mahali pengine duniani ulipo.

*

Palikuwapo mahali pamoja. Ulikuwa ndani ya simu ya Ishani Lahiri.

Ishani alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani, kutoka Kolkata, aliyekuwa akiomba radhi kabla ya kuuliza chochote. Alipokuwa chuoni aliwahi kuja Kendbona, kitongoji cha Aduri, kurekodi nyimbo za misiba, na ule wa ndama aliurekodi kwa kuwa mvua ilikuwa imemzuia kuondoka. Sasa alifanya kazi kwenye nyumba ndogo ya vitabu vya watoto wa madarasa ya kwanza, vyenye Kisantali juu na Kibengali chini, maneno machache na picha kubwa. Alirudi mwezi wa Juni na begi lililojaa vitabu.

"Samahani, shangazi. Naweza kukaa?"

"Umeshakaa, mwanangu," alisema Khendi, dada yake Gokul, aliyekuwa akiishi ua wa pili na kula ua huu. "Sema kilichokuleta, huyu mwenzangu siku hizi ni wa kusikiliza tu."

Ishani alitandaza vitabu mkekani. Kimoja kilikuwa cha mbuzi aliyekataa kuvuka mto, kingine cha mashairi ya mvua, kila ukurasa na mawingu yake. Aduri alifuta mikono kwenye sari kabla ya kugusa. Kusoma hakujua, lakini alifungua ukurasa wa mbuzi, akaufunga, akaufungua tena. Mbuzi alikuwa bado yupo.

"Haondoki," alinong'ona.

"Nani, shangazi?"

"Mbuzi. Mimi nikikunja karatasi nikaondoka, naondoka nao wote."

Ishani aliinamisha kichwa, kisha akasema alichokuja kusema, haraka, kama mtu anayeruka mfereji. Walitaka wimbo wa ndama uwe kitabu. Walitaka Aduri auchore, kurasa kumi na nne. Maneno wangeyatoa kwenye simu.

Khendi aliacha kutafuna bisi za mchele. "Wifi, umesikia? Ulikuwa redio iliyoisha betri. Wanakutia betri mpya."

Aduri hakucheka. Alikuwa akitazama simu mkononi mwa Ishani. "Nisikilizishe," alisema.

Sauti yake ya zamani ikatoka humo, nzima na nene, mvua ikipiga bati nyuma yake. *Kaa, kaa wa kijito.* Alisikiliza mpaka mwisho, mkono juu ya mdomo.

*

Alichora msimu wote wa mvua. Manjano aliisaga kwenye jiwe, kijani aliikamua kwenye majani ya maharage, buluu ilitoka kwenye ua la mkunde mwitu, na kila rangi ilikaa kwenye kifuu chake pamoja na gundi ya tunda la bel. Paa lilivuja, akawa anahamisha karatasi kutoka kona hii hadi ile. Kumchora kaa kulichukua alasiri moja. Bundi alimtesa wiki nzima.

Kwenye karatasi zake za zamani mama tembo alionekana mwishoni tu. Safari hii alimficha katika kila ukurasa, kwa sababu mtoto mwenye kitabu ana muda wa kutafuta. Unyayo wenye vyura ulikuwa na mguu juu yake, ukipotelea kwenye majani. Kilima nyuma ya bundi, ukikikazia macho, kilikuwa na mkia.

"Huyu ndama mjinga," alisema Khendi, akiinama juu ya bega lake. "Mama yake huyo hapo, mkubwa kama nyumba."

"Hamwoni."

"Atamwonaje, na hujampa macho?"

"Bado," alisema Aduri.

Hapakuwa na haja ya kusema zaidi, wote wawili walikuwa watu wa ukoo mmoja. Mboni hutiwa mwisho, tena mbele ya wenyewe, na wenyewe wakiwa wametoa kitu. Wenyewe wa picha hizi walikuwa watoto, na watoto hawakuwapo. Kwa hiyo kaa, kuku, bundi, ndama na mama yake walikauka kwenye kamba, kila mmoja na jicho jeupe.

Ishani alikuja kuzichukua mwezi wa Oktoba. Alipitia karatasi moja moja, machozi yakimlengalenga kwa uzuri wa picha. Macho yale meupe aliyaona. Chuoni aliandika kurasa arobaini kuhusu macho meupe ya wachoraji wa Kendbona. Alidhani Aduri amechagua kuwachora wanyama vile, na akaona haya kumuuliza mchoraji aliyefanya kazi miaka thelathini kwa nini amechora alivyochora.

Aduri naye alimwona Ishani akiyatazama, akajua ameelewa. Nani asiyeelewa? Aliuliza jambo moja tu.

"Siku kitakapofika kwa watoto, mtaniita?"

"Lazima, shangazi. Wewe ndiye wa kwanza."

Aduri akaenda akafunga burashi mpya, manyoya ya mbuzi kwenye kijiti cha mwanzi, akaiweka kando kwa ajili ya siku hiyo. Alikisia itamchukua asubuhi moja. Kitabu kimoja, macho ishirini na sita.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya Januari, jua jembamba, uwanja wa shule ya Sarjomdih umefagiliwa na kutandikwa mikeka. Kina mama walikaa na watoto mapajani. Khendi alikuja kwa sababu alisikia kutakuwa na vitamutamu. Gari lilifika, na Ishani na Mwalimu Baske wa shule ile wakashusha boksi, kisha boksi jingine, kisha mengine manne.

"Mbona mengi?" Aduri alinong'ona.

"Hivi ni vitabu vya hapa tu, shangazi. Vingine viko Kolkata."

Ishani akampa cha kwanza, kwa mikono miwili.

Kilikuwa kizito kuliko alivyotarajia, na kilinuka kama chungu kipya. Juu yake ndama alikuwa amesimama kwenye mpunga, na mpunga ulikuwa ule ule wa kijani ya maharage yake. Hata mahali burashi ilipopoteza unywele mmoja, unywele ulikuwepo. Alifungua akamkuta kaa. Alipoinua kichwa kumwonyesha Khendi, aliona kwamba vitabu vimeshagawiwa na uwanja mzima umeshika kaa yule. Watoto sitini, kila mmoja na kaa wake, na wote walikuwa kaa mmoja, aliyemchora alasiri ya mvua akihamahama kona. Mikononi mwa mtoto wa karibu alikuwepo, na mikononi mwa mtoto wa mbali kabisa, chini ya ukuta, alikuwepo vile vile, hakupungua.

Akakaa chini.

Ndipo akausikia ukimya. Aliujua ukimya ule. Ulikuwa ukimya wa ua wa msiba burashi inaposhuka kutia nukta, ila huu haukuwa na mwisho. Akashusha macho kwenye kitabu chake. Jicho la kaa lilikuwa jeupe. Akafunua: kuku, jeupe. Bundi, jeupe. Na sasa hayakuwa macho ishirini na sita tena.

Mwanamke aliyekaa chini ya ukuta alifunga kitabu cha mwanawe akakilaza kifudifudi. Wa pili akafanya hivyo, kisha safu nzima. Bibi mmoja alisimama, Salge Hembrom, akiwa ameshika kitabu cha mjukuu wake Phulmoni kwa vidole viwili.

"Mchoraji," alisema, "nani amekufa?"

Akamsogezea Aduri kitabu.

"Nakuuliza kwa heshima. Mwaka juzi uliniletea mzee wangu akiwa hivi hivi, na ukampa macho, na nikakushukuru. Leo umeniletea kaa, kuku, bundi. Na huyu ndama, mtoto mdogo. Unataka mjukuu wangu alale na marehemu chini ya mto?"

Ishani alikuwa ameingia wekundu mpaka masikioni. "Samahani, bibi, ni mtindo wa..." Akakatiza. Akamgeukia Aduri. "Shangazi, nilidhani umeyaacha makusudi."

"Niliyaacha makusudi. Nilikuwa nakusubiri uniite."

"Nikuite ufanye nini?"

"Niwape macho."

Khendi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Hii midomo yenu mlikuwa mnamwekea nani?"

Mwalimu Baske, aliyependa mambo yaishe kwa utaratibu, alisema vitabu virudishwe kwenye boksi, vipelekwe Kolkata, vichapwe upya. Ishani alitikisa kichwa. Hakutakuwa na kuchapa upya. Nyumba yao ilikuwa ndogo, karatasi yote ya mwaka ule ilikuwa hii. Vikirudi, vitasagwa.

Aduri alisikia neno hilo. Huko nyuma kina mama walikuwa wameanza kuinuka, wakitafuta ndala. Mtoto mmoja alilia akitaka kitabu chake, akapigwa kofi dogo la mkono. Wengine wawili walimtazama Aduri na mkoba wake, wakatoka mbio kupitia geti, mbio zile zile. Alifungua mdomo kuwaita kwa njia aliyowaita mama zao. Kilichotoka kilikuwa kama upepo ndani ya bua. Hata Khendi, aliyekaa ubavuni, hakuusikia wimbo.

Kisha akavuta mkoba, akatoa kifuu cha masizi, akayatemea mate, akayakoroga kwa kidole. Akatoa burashi mpya. Akasogea kwa magoti mpaka miguuni pa Salge, akakaa kama anavyokaa uani mwa watu waliofiwa.

"Mwenyewe atoe kitu," alinong'ona.

"Sitoi kitu kwa hiki," alisema Salge.

"Si wewe. Mwenyewe."

Phulmoni alikuwa na miaka mitano na kikohozi. Alimtazama bibi yake, ambaye hakumzuia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni akapekua kwa muda mrefu, akatoa kunazi moja iliyong'atwa upande. Akaiweka kwenye kiganja cha Aduri.

Aduri akaipokea kwa mikono miwili, kama alivyopokea sahani za shaba. Akalaza kitabu juu ya goti, ukurasa wa kwanza, ndama kwenye mpunga. Akachovya. Akaweka nukta.

Waliokuwa wakitafuta ndala waliacha. Ndama alikuwa ameinua kichwa kidogo, na kichwa hicho alikuwa amekiinua tangu Julai, lakini sasa ilionekana ameinua kwa sababu amesikia kitu. Mpunga wote uliomzunguka ukawa mrefu. Phulmoni aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, kisha akarudi nyuma.

"Bibi," alisema, "ananiangalia."

Salge alikaa chini polepole, mkono mmoja kwenye kiuno, na kitabu hakukiondolea macho.

Aduri akafunua ukurasa wa kaa. Akaweka nukta, akafuata kijito kwa kidole kama zamani, na midomo yake ikaanza kwenda yenyewe, bila sauti. Alijua hakuna anayesikia. Ni mazoea tu ya mkono na mdomo.

*Umemwona mama?*

Sauti ilikuwa ya kweli, nayo ilitoka nyuma. Aduri aligeuka. Alikuwa yule mwanamke wa chini ya ukuta aliyekuwa wa kwanza kufunga kitabu, mrefu, mwenye mtoto kiunoni. Alionekana ameshtuka kama wengine kwamba ameimba. Lakini alikuwa ameshaanza, na swali lilitaka jibu, na jibu likatoka kwa wanawake watatu kwa pamoja: *Mama sikumwona, unyayo nimeuona.*

Akawatambua basi, mmoja mmoja, chini ya nyuso za utu uzima. Yule mwenye pengo alikuwa akikalia ncha ya karatasi ili upepo usiichukue. Yule mwingine alikuwa akilia kila mara kwenye bundi. Walimvuta nguo hawa, wakaolewa, wakahama vijiji, na wimbo wakaenda nao. Waliuimba jikoni. Waliwalaza watoto kwa wimbo huo. Miaka yote mitatu aliyoosha burashi jioni akidhani umebaki kichwani mwake peke yake, ulikuwa ukiimbwa mlango hadi mlango, hatua chache tu kutoka pale aliposimama na mkoba wake.

Aliwafuata. Kuku, nukta. Bundi, nukta. Mkono wake ulikwenda kwa mwendo wa sauti zao. Kila jicho lilipofunguka watoto walivuta pumzi, na walikuwa wamebanana sasa kiasi kwamba Mwalimu Baske alilazimika kusimama juu ya boksi ili aone. Kwenye kilima cha bundi Aduri aliweka nukta moja ambapo hakuna aliyedhani pana jicho, na mtoto mmoja akapiga yowe. "Kilima ni mama yake! Alikuwepo!"

"Hata mimi nilisema," alisema Khendi.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa mama na ndama pamoja. Alimpa mama jicho. Alikuwa amechovya kwa ajili ya ndama wakati wanawake, badala ya kuimba jibu la mama, walipoendelea mbele kwa ubeti mwingine:

*Nyuki, nyuki wa mmahua, umemwona mama?*
*Mama sikumwona, sikio nimeliona,*
*nikadhani jani la mgomba, nikalala juu yake.*

Burashi ilisimama hewani. Hakuna nyuki katika wimbo wake. Hakuwahi kutunga nyuki. Kuna mtu, jikoni fulani, na mtoto asiyelala, aliyehitaji ubeti mmoja zaidi, akautunga, na ulikuwa mzuri, ulikuwa mzuri kuliko wa kuku. Aduri alitazama kutoka mdomo hadi mdomo akimtafuta aliyeutunga, na wote waliuimba kama kitu kilichokuwepo tangu zamani. Ishani alikuwa akiandika kwenye kiganja kwa kuwa hakupata karatasi.

Phulmoni alichoka kusubiri. Alichukua burashi kutoka vidoleni mwa Aduri, akaikamata kama mwiko, akamtia ndama mboni.

Wimbo ukakatika. Tangu ukoo wa Chitrakar uwe ukoo, mboni haijawahi kutiwa na mkono wa nje. Salge alimtazama Aduri. Hata watoto walijua kwamba kuna jambo. Mboni yenyewe ilikuwa donge, ilijaza nusu ya jicho, na masizi yalikuwa yamechuruzika kidogo kwenye shavu.

Khendi alinyoosha shingo. "Umeizidisha, mwanangu. Huyu ameshtuka."

"Hajashtuka," alisema Phulmoni, hata hakuinua kichwa. "Amemwona mama yake."

Aduri alisogeza kitabu kwenye mwanga. Alikitazama kwa muda mrefu sana, mpaka Ishani akaanza kunong'ona kwamba labda, samahani, wangeweza kujaribu kufuta. Mgongo wa Aduri ulikuwa umesisimka mpaka kisogoni. Kwa miaka thelathini aliamini kwamba kile kinachoingia kwenye jicho kinapitia mkono wake, na kwamba siku mkono huo utakapofuata sauti, kitakuwa kimekwisha. Na ndama alikuwa amekaa pale, mboni yake donge, akimtazama mama yake kwa jicho ambalo Aduri, na burashi zake zote, asingaliweza kulichora.

"Khendi," alinong'ona, "tafuta vifuu. Na vijiti."

*

Walitia mboni mpaka jua lilipofika juu ya mkwaju. Kila mtoto alimletea kitu kwanza, kwa kuwa Salge alijiweka mlinzi wa jambo hilo na hakumruhusu mtu kugusa masizi mkono mtupu. Mapaja ya Aduri yalijaa makunazi, vifungo, unyoya wa njiwa, goroli, na jino lililong'oka juzi. Watoto walilala kifudifudi kwenye mikeka, ndimi nje. Kulikuwa na kaa mwenye mboni mbili, kuku aliyetazama angani, na bundi mmoja mwenye makengeza ambaye mwenyewe alikataa katakata asirekebishwe. Wale wawili waliotoka mbio walikuwa wamerudi, hakuna aliyeona saa ngapi.

Ishani alikuja akachuchumaa. "Shangazi, na vile vya Kolkata? Nifanye nini navyo?"

"Viende hivyo hivyo. Mtoto atoe kitu, atie mwenyewe."

"Atampa nani hicho kitu?"

Aduri alifikiri. "Aliyemsomea," alisema.

Walirudi Kendbona kwa njia ya mashambani, yeye na Khendi, mkoba ukigongagonga kwa magoroli. Khendi alikuwa na vitamutamu vinne kwenye ncha ya sari na alikuwa akilalamika kwamba vilikuwa vitano. Aduri hakumsikia. Alikuwa akijaribu ubeti wa nyuki, chini kwa chini, kama mtoto anayejifunza. *Mama sikumwona, sikio nimeliona.* Akasimama.

"Halafu? Alidhani nini?"

"Nani?"

"Nyuki."

"Mimi najuaje, wimbo si wako?" Khendi aligeuka, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kuelekea Sarjomdih, kwa watoto waliokuwa wamepanda tuta la shamba kuwatazama wakienda. "Enyi! Nyuki alidhani nini?"

Walisubiri. Kisha jibu likaja juu ya mabua ya mpunga, kwa sauti nyingi zisizokwenda pamoja, na kikohozi katikati yake.